Lugha Aliyopewa Msichana: Uhakiki wa Historia ya Shule za Masista Butembo na Beni

Historia ya shule za masista wa Kikatoliki katika eneo la Butembo na Beni, mkoani Kivu ya Kaskazini, huelezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya mashirika ya kitawa yenyewe: vijitabu vya jubilei, wasifu wa waasisi na taarifa zilizopelekwa Ulaya kwa wafadhili. Humo masista hufika, shule hujengwa, na wasichana hutolewa gizani wakaingizwa nuruni. Namna ya pili ni ya wanazuoni walioandika tangu miaka ya 1980, Barbara Yates na Nancy Rose Hunt wakiwa miongoni mwao, ambao wameonyesha kwamba elimu ya mwanamke katika himaya ya Wabelgiji ilikuwa mradi wa kisiasa: kumtoa shambani na kumfanya mke wa nyumbani wa mwanamume mwenye mshahara. Namna ya kwanza husifu na ya pili hulaumu. Hata hivyo, zote mbili hazikulipa uzito unaostahili swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili angeliuliza kabla ya mengine: msichana huyo alifundishwa kwa lugha gani, na lugha hiyo ilimfungulia mlango upi?

Makala haya yanashikilia kwamba lugha ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Sindano na sufuria vimelaumiwa sana, na pengine kupita kiasi, kwani ushonaji ni kazi yenye faida na hakuna aliyewahi kufungwa na sindano peke yake. Kilichombana msichana wa shule ya masista ni Kifaransa alichonyimwa. Kiswahili alichopewa mahali pake kilikusudiwa kuwa ua wa kumzunguka, lakini wasichana wenyewe walikitumia kwa namna ambayo waliokipanga hawakuitarajia.

Misheni, mgodi na mbuzi wa mahari

Ukatoliki uliingia eneo hili kutoka upande wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, ambako Padri Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alifika mwaka 1897. Mwaka 1929 sehemu ya mashariki, nchi ya Wanande ambao siku hizi wengi hujiita Wayira, ilianza kupokea mapadri Waasumpsionisti. Beni ilitengwa na Stanley Falls kuwa misheni inayojitegemea mwaka 1934. Ikawa vikarieti ya kitume mwaka 1938 chini ya Henri Piérard. Ikawa jimbo kamili mwaka 1959. Na mwaka 1967 ikapewa jina la Butembo-Beni. Tarehe hizi zisomwe pamoja na nyingine. Mji wa Butembo ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 ukiwa kituo cha kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs. Padri, mhandisi na karani walifika karibu kwa wakati mmoja. Nyumbani na vijijini watu walizungumza Kinande. Lakini penye mgodi, barabara, soko na ofisi, palihitajika lugha ya kukutania, nayo ilikuwa Kiswahili.

Nyuma ya Waasumpsionisti walikuja masista Waoblati wa Asumpsio, katika miaka ya 1930. Shirika lao lilikuwa limeasisiwa mwaka 1865 kusini mwa Ufaransa na Emmanuel d'Alzon akishirikiana na Marie Correnson, na kazi yake ya kwanza ya ng'ambo ilikuwa katika misheni ya Wabulgaria. Baadaye Piérard alianzisha shirika la wenyeji, Masista Wadogo wa Kutolewa kwa Bikira Maria Hekaluni, ambalo makao yake ni Butembo. Waandishi wa jubilei hulitaja shirika hili kama tunda la shule, na wahakiki wa ukoloni hulipita haraka. Wote wawili wanakosea. Kwa Wanande mahari hulipwa kwa mbuzi, na binti aliyeingia utawani aliwakosesha baba na wajomba mbuzi wao. Kwa hiyo uamuzi wa kubaki kwa masista ulikuwa shauri la ukoo mzima, lenye hasara inayohesabika kwato kwa kwato. Kwa upande mwingine, kwa muda mrefu utawa ulikuwa njia karibu pekee iliyomwezesha msichana kuendelea kushika kitabu baada ya umri wa kuolewa. Aliyetaka kusoma alilazimika kwanza kutaka kusali, au angalau kuonekana kwamba anataka. Kusema hivi si kuwadharau waliokuwa na wito wa kweli. Ni kukumbusha tu kwamba mlango ulikuwa mmoja, na wenye haja tofauti walipitia hapohapo.

Programu mbili chini ya paa moja

Serikali ya kikoloni haikuendesha shule nyingi yenyewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 ilikubaliana na misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Kikatoliki za Kibelgiji, kwamba zingefundisha nazo zingepewa ruzuku kwa masharti ya kufuata mwongozo wa serikali. Mwongozo wa mwaka 1929 na ule wa mwaka 1948 ulimtofautisha mvulana na msichana. Mvulana aliyeonekana hodari alitayarishwa kuwa karani, mwalimu, msaidizi wa mganga au mseminari, na ngazi hizo zote zilipandwa kwa Kifaransa. Msichana alitayarishwa kwa ajili ya nyumba: kushona, kufuma, kufua, kupika, usafi wa mtoto na bustani ya mboga. Baada ya shule ya msingi alipelekwa katika shule ya ufundi wa nyumbani, au, akibahatika, katika mafunzo ya ualimu wa madarasa ya chini au ya kuwasaidia wazazi wakati wa kujifungua. Masomo hayo, kwa jumla, yalitolewa kwa lugha za Kiafrika. Sababu iliyotolewa ilikuwa rahisi: mama huongea na watoto wake, na watoto hawajui Kifaransa.

Hoja hiyo ina mantiki yake, na ndiyo maana ni ya hatari. Ingekuwa ya haki kama ingetumika kwa wote. Mvulana naye angekuwa baba, na baba pia huongea na watoto wake. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo asifundishwe Kifaransa. Utetezi wa lugha ya mama ulitumiwa kwa jinsia moja tu. Hapa wapenzi wa Kiswahili wanapaswa kuwa waangalifu, kwa kuwa wamezoea kuhesabu kila saa iliyofundishwa kwa Kiswahili kuwa ushindi.

Matokeo yake yalionekana nyumbani. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 utaratibu wa kuwaandikisha Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwombaji alichunguzwa hadi mezani na jikoni kwake, na mwenendo wa mkewe ulikuwa sehemu ya mtihani. Mke aliyefunzwa na masista alijua kutandika meza. Lakini mgeni wa Kizungu alipofika na mazungumzo yakaanza kwa Kifaransa, alirudi jikoni. Mtaala uliomwandaa kumpamba mumewe ndio uliomzuia kukaa naye barazani. Gertrude Mianda amelichambua jambo hili kwa makini, akionyesha jinsi wasomi wa kiume wenyewe walivyowalalamikia wake zao kwa ujinga ambao ulikuwa umepangwa.

Kipimo kingine ni cha kitaifa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na mwanamke Mkongo aliyekuwa amemaliza shule ya sekondari. Sophie Kanza, aliyefundishwa na masista mjini Léopoldville, ndiye aliyekuwa wa kwanza, mwaka 1961. Akapata shahada Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini. Ilikuwa imepita zaidi ya miongo sita tangu masista wa kwanza kutia mguu Kongo. Kama mji mkuu wenyewe ulichukua muda huo, si vigumu kukadiria hali ya msichana wa Lubero au Beni, ambaye hata bweni la karibu lilikuwa mwendo wa siku kwa miguu.

Mfano kutoka ng'ambo ya pili ya maziwa

Yafaa jambo hili lilinganishwe na lililotokea katika makoloni ya Waingereza, maana huko masista Wakatoliki walitenda kinyume chake kabisa. Wangari Maathai alisoma katika bweni la Mtakatifu Sesilia, misheni ya Mathari, Nyeri, tangu mwaka 1951, kisha Loreto, Limuru, tangu 1956 hadi 1959. Katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2006 anaeleza jinsi wanafunzi wa Mathari waliokutwa wakisema lugha ya nyumbani walivyovishwa beji ya aibu iliyopokezanwa mchana kutwa. Nchini Uganda, Mama Kevin, Mfransisko kutoka Ireland, alianzisha mwaka 1942 shule iliyokuja kujulikana kama Namagunga, ambayo Kiingereza chake kiliwafikisha wasichana Makerere na mbali zaidi. Specioza Kazibwe, makamu wa rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003, alipitia hapo.

Kwa hiyo mpakani mwa Kasindi palikuwa na makosa mawili yaliyotazamana. Upande wa mashariki msichana aliadhibiwa kwa kusema lugha yake. Upande wa magharibi aliachiwa lugha yake ili asipate nyingine. Kati ya makosa hayo, lipi kubwa? Wahakiki wengi wa Kiafrika, wakimfuata Ngũgĩ wa Thiong'o, wamelihesabu la kwanza kuwa ndilo jeraha kuu. Ushahidi wa Butembo na Beni unalazimisha hukumu hiyo ipunguzwe makali. Aliyevishwa beji aliumia, lakini alitoka shuleni na lugha mbili au tatu, na siku moja aliweza kuandika kitabu cha kulalamika. Aliyelindwa dhidi ya Kifaransa hakuacha hata malalamiko.

Kiswahili cha darasani na Kiswahili cha njiani

Swali linalofuata ni la aina ya Kiswahili chenyewe. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, aliweka kazi katikati ya hoja: lugha ilienea na kudhibitiwa kwa sababu mwajiri alihitaji kuamuru. Hoja hiyo ilijengwa zaidi juu ya Katanga ya migodi. Inaweza kupanuliwa hadi kwa masista bila kuharibika, kwani darasa la ufundi wa nyumbani nalo ni mahali pa kazi, na sarufi yake ni sarufi ya amri: fagia, pima, kata, funga uzi, nyamaza. Tofauti ni kwamba mgodini amri ililipwa mshahara.

Ila kulikuwa na Kiswahili zaidi ya kimoja. Wamisionari walisoma vitabu vya sarufi vilivyoegemea pwani, wakafundisha upatanisho wa ngeli na viambishi rejeshi kama vilivyoandikwa humo. Njiani na sokoni watu walisema kile kilichoitwa Kingwana, ambacho kina sarufi yake na hakikuomba ruhusa kwa mtu. Ndani yake sista ni "masere", kutokana na Kifaransa, na shule yenyewe huitwa "masomo". Msichana wa bweni aliishi kati ya lugha hizo mbili, huku Kinande kikiwa cha nyumbani na mara nyingi cha sala pia. Je, alifanya nini na Kiswahili hicho cha darasani?

Ushahidi bora wa maandishi unapatikana hatua chache kaskazini-magharibi, katika eneo la Wamba, ambalo kama Beni lilikuwa sehemu ya Stanley Falls. Huko Bafwabaka, katika miaka ya 1930, Askofu Camille Verfaillie alianzisha shirika la masista wa Kiafrika ambalo hadi leo linaitwa kwa Kiswahili, Jamaa Takatifu. Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa mwaka 1939, alisoma hapo, akaweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959, akafundisha hapo. Waasi wa Simba waliwachukua yeye na wenzake, naye akauawa mjini Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkataa afisa aliyemtaka kwa nguvu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Mambo mawili katika maisha yake ni ya mhakiki wa lugha. La kwanza ni jina. Wasifu wake husimulia kwamba aliitwa Nengapeta, na kwamba sista wa Kizungu aliyemwandikisha shuleni alikosea akaandika jina la dada yake, Anuarite. Kosa la daftari halikusahihishwa. Likakua na mtoto, likaingia utawani, na mwisho likapanda altareni. Waandishi wa kidini hulisimulia kwa tabasamu. Lakini shule ambayo mtoto huingia na jina lake na kutoka na la mwingine inaeleza jambo kuhusu nani aliyekuwa akisikilizwa mlangoni.

La pili ni maneno yanayonukuliwa kuwa miongoni mwa ya mwisho aliyosema: "Naivyo nilivyotaka." Vitabu vingi huyatoa kwa Kifaransa na kuliacha umbo lake la Kiswahili kama kiungo cha ladha. Litazamwe kwa makini. Mwanzoni, "naivyo" ni "na hivyo" iliyodondosha h, kama ilivyo desturi ya Kiswahili cha Kongo. Hilo ni sikio la njiani. Lakini "nilivyotaka" ina kirejeshi -vyo- mahali pake, kati ya njeo na mzizi, kama sarufi ya pwani inavyodai. Kingwana kingesema "njo vile nilitaka" na kueleweka vizuri. Sentensi ya maneno mawili imebeba matamshi ya sokoni na sintaksia ya darasani, zikiwa zimeshonwa pamoja bila mshono kuonekana. Waliomsikia na kuyahifadhi maneno hayo walikuwa masista wenzake, waliosoma naye. Kwa hiyo hata kama kumbukumbu imeyalainisha, ni kumbukumbu ya Kiswahili cha shule ileile. Na tamko lenyewe si la utii. Lugha iliyofundishwa kwa amri inatumika hapa katika nafsi ya kwanza, pamoja na kitenzi "kutaka", mbele ya mwanamume mwenye silaha. Hakuna mtaala wa 1948 uliokusudia matumizi hayo.

Kiswahili juu ya lango

Baada ya uhuru mambo yaligeuka upesi. Mageuzi ya mwaka 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na hapo kwa mara ya kwanza msichana wa Butembo na mvulana wa Butembo walikabiliwa na kitabu kimoja. Mtihani wa Taifa ulioanzishwa mwaka 1967 ulikuwa mmoja kwa wote. Kisha ikaja siasa ya uhalisia ya Mobutu. Majina ya ubatizo yalipigwa marufuku mwaka 1972, na shule zilizokuwa na majina ya watakatifu na wafalme wa Ubelgiji zikatafuta mengine. Katika mashariki yote majina hayo yalichotwa kutoka Kiswahili: Alfajiri kwa Wajesuiti wa Bukavu, Wima kwa wasichana wa mji huohuo, Imara na Tuendelee kule Lubumbashi. Desemba 1974 shule zilitaifishwa. Mapatano ya Februari 1977 yakazirudisha chini ya uendeshaji wa makanisa, na majina mengi yakabaki.

Ni nadra historia kufanya mzaha mzito kiasi hiki. Kwa miaka 30 Kiswahili kilikuwa ndani ya shule ya wasichana, na jina la mtakatifu wa Ulaya likawa juu ya lango. Sasa Kiswahili kilipanda juu ya lango, kwa rangi nzuri, na ndani ya darasa kikabaki katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi tu. "Wima" ni jina zuri kwa shule ya wasichana kuliko yote yaliyobuniwa wakati ule. Aliyelichagua alijua Kiswahili. Hata hivyo msichana aliyepita chini ya neno hilo kila asubuhi alikwenda kufanya hesabu, fizikia na insha kwa Kifaransa, naye hakutaka iwe vingine, kwa kuwa mama yake alikuwa amemweleza Kifaransa kilikuwa na thamani gani kwa aliyekikosa.

Masista wenyewe walibadilika pamoja na wanafunzi wao. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, na mtoto wa kike wa mji huo hakulazimika tena kuvuka misitu kutafuta elimu ya juu. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Oktoba 2022, washambuliaji walivamia kituo cha afya cha Maboya, kaskazini mwa Butembo, na miongoni mwa waliouawa alikuwa sista wa shirika lile lililoanzishwa na Piérard. Hakuwa mshonaji wala mlezi wa bweni. Alikuwa daktari.

Mauaji katika eneo la Beni, ambayo yamekuwa yakirudiwa tangu Oktoba 2014, yamewatawanya watu wa vijiji vingi kuelekea mijini, na pamoja nao wazee. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 12 mwongozo wa mwaka 1948 ulipotolewa alizaliwa mwaka 1936. Wasomi wanaoandika kuhusu shule za masista wameendelea kusoma barua za wakuu wa misheni, ambazo ziko kwa Kifaransa na zimehifadhiwa vizuri Brussels na Roma. Daftari la mapishi, kitabu cha sala chenye maneno pembezoni, orodha ya deni la vikwembe iliyoandikwa kwa mwandiko wa bweni: hivi viko katika masanduku ya nyumbani, kwa Kiswahili, na wenye kuweza kuvisoma kwa sauti na kueleza kila neno lilifundishwa na nani ni wanawake wa umri huo.